VC10 zetu ziko Uingereza, karatasi zake ziko chini ya vitanda vyetu

Ndege ya mwisho kabisa ya aina ya VC10, jeti ya abiria ya Kiingereza, kutoka kiwandani ilikuwa na herufi za Tanzania ubavuni: 5H-MOG. Zilitengenezwa 54 tu duniani, na hiyo iliyofunga hesabu, mwaka 1970, ilikuja kwetu, kwenye Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Septemba 2013 ilitua Dunsfold, kusini mwa Uingereza, ikawekwa chini ya uangalizi wa Makumbusho ya Brooklands. Huko watu wa kujitolea wameipangusa, wameitia mafuta, wamewasha injini zake wageni wasikie mngurumo. Mtoto wa Guildford, mji wa karibu na hapo, amewahi kupanda ngazi zake. Mtoto wa Kipawa, ambaye babu yake huenda ndiye aliyeibadilisha matairi, hajui hata kwamba iliwahi kuwepo.

Niwaeleze kidogo wasiofuatilia mambo ya anga. Kila nchi ina alama yake ya usajili. 5H ni sisi, 5Y ni Kenya, 5X ni Uganda. Shirika lilikuwa moja, la nchi zote tatu, lakini ndege ziligawanywa kwa herufi. Super VC10, toleo refu la VC10, zilikuwa tano: 5X-UVA na 5X-UVJ, 5Y-ADA, na mbili zetu, 5H-MMT na 5H-MOG. Zilianza kuingia mwaka 1966. Zilikuwa na injini nne za Conway, zote zimefungwa mkiani, na mabawa yaliyobuniwa mahsusi kwa viwanja vya joto na vya juu kama Embakasi wa Nairobi, ulio zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na ndege nyingi za enzi hizo zilipata shida kunyanyuka na mzigo kamili. Zilikwenda London, zikaenda Bombay, na kuanzia mwisho wa 1970 zikafika hata New York.

Mwanzoni mwa 1977 shirika likavunjika, na Jumuiya ikavunjika pamoja nalo. VC10 nne zilizobaki zilirudi Uingereza. Jeshi la Anga la huko likazinunua, likazigeuza kuwa ndege za kujaza wenzake mafuta angani, likazipa namba mpya kuanzia ZA147 hadi ZA150. Zikafanya kazi hiyo karibu miaka thelathini. Na tarehe 25 Septemba 2013, siku ambayo VC10 iliruka kwa mara ya mwisho kabisa duniani, iliyoruka ilikuwa ZA147, yaani 5H-MMT ya zamani. Kwa hiyo ya mwisho kutengenezwa na ya mwisho kuruka, zote mbili ziliwahi kuwa ndege zetu. Kila nikilisema jambo hili mbele ya watu naona nyuso zinabadilika. Hawakuwahi kuambiwa.

Mimi ni mkutubi kwa kazi, na marehemu baba alikuwa fundi wa ndege. Alichukuliwa kijana kabisa kwenda kujifunzia Nairobi, akafanya kazi kwenye hanga za Embakasi, na mwaka 1977 akarudi Dar es Salaam na familia, mpaka ukiwa umeshafungwa. Machi mwaka huo huo serikali ikaunda Shirika la Ndege Tanzania, naye akaanza upya hapa. Alipofariki tulirithi, pamoja na mambo mengine, sanduku la bati. Mama alitaka tuligawe kwa mafundi redio kama chuma chakavu. Namshukuru Mungu kwamba nilifungua kwanza.

Ndani yake mna daftari dogo la jalada gumu, kiasi cha kuingia mfuko wa ovaroli. Kila ukurasa baba ameuchora safu nne kwa rula: tarehe, herufi za ndege, kazi iliyofanyika, sahihi ya mkaguzi. Herufi ameziandika kwa kifupi, kama walivyozitamka wenyewe hangani: MMT, ADA, UVJ, MOG. Katikati zinaingia Fokker, DC-9, na Dakota ambazo zilikuwa bado zinazunguka kwenye viwanja vidogo. Pembeni mwa kurasa nyingi pameganda alama ya dole gumba lenye grisi, jeusi, mistari yote ya ngozi inaonekana. Mahali alipokosea hakufuta. Amepiga mstari mmoja ili kosa liendelee kusomeka, ameandika lililo sahihi juu yake, na pembeni ameweka herufi za jina lake. Ndiyo sheria ya kazi yao hadi leo: rekodi ya ndege haifutwi.

Kuna safu moja nimeisoma mara nyingi kuliko zote. Hadi mwanzoni mwa Aprili 1972, UVA inajitokeza karibu kila wiki. Baada ya hapo haipo tena. Tarehe 18 Aprili 1972, 5X-UVA ilikuwa inaondoka Addis Ababa. Gurudumu la mbele likakanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege ndogo, tairi likapasuka, rubani akaamua kusimamisha, na ndege haikusimama. Watu 43 kati ya 107 walikufa. Uchunguzi ulikuta kwamba sehemu ya mfumo wa breki haikuwa imefungwa sawasawa. Baba hakuwahi kulizungumzia jambo hili nyumbani hata siku moja, na mimi nilikuwa mtu mzima nilipolisoma mahali pengine. Kwenye daftari lake hakuna neno la huzuni, hakuna msalaba. Herufi tatu zimekoma tu.

Nalitaja kwa sababu nimewasikia watu wanaotaka historia ya anga ihifadhiwe ili tujivunie. Kujivunia nako kuna nafasi yake. Lakini daftari lile lina thamani kwangu kwa kuwa lina vyote viwili, lile tairi lililobadilishwa usiku wa manane ndege ikaondoka kwa wakati, na ile safu iliyokoma. Tukichagua picha za kutabasamu peke yake tutakuwa tunatengeneza kalenda.

Watanzania wengi wakisikia urithi wa taifa wanafikiria Kilwa Kisiwani, Mji Mkongwe, michoro ya Kondoa. Ni haki yao. Lakini anga yetu nayo ina kina kuliko tunavyodhani. Mwaka 1915 meli ya kivita ya Kijerumani, Königsberg, ilikuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, mikoko imeifunika, na manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye maji yale yenye kina kifupi. Walileta ndege. Za kwanza zilisumbuliwa sana na joto na unyevu wetu. Wakaleta nyingine, wakazirushia kisiwani Mafia, na tarehe 11 Julai 1915 ndege ilizunguka juu ya delta ikituma kwa redio habari za mahali makombora yanapoangukia, hadi meli ikamalizwa. Ndege yenyewe ilipigwa ikaangukia mtoni, na waliomo wakaokoka. Huyo ni mtu anaongoza mizinga kwa redio kutoka angani, kwetu, Rufiji, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Nimepita Mafia nikauliza. Watu wanajua papa potwe, na wanawajua vizuri. Ndege hakuna aliyenitajia.

Au chukua Mwanza. Februari 28, 1931 Imperial Airways ilianza safari za kila wiki kutoka London, na mwisho wa njia ulikuwa Mwanza. Mwaka uliofuata njia ikasogezwa hadi Cape Town, ikipitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Miji hiyo mitatu ilikuwa vituo kwenye ramani ya dunia wakati ambapo kutoka kimoja kwenda kingine kwa gari ilikuwa safari ya kuaga ndugu.

Palipo na alama ya kushikika ni Ngorongoro. Ukipanda ukingo wa kreta utakuta kaburi la mawe la Michael Grzimek. Yeye na baba yake, Bernhard, walihesabu wanyama wa Serengeti kwa kutumia ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa milia ya punda milia. Januari 10, 1959 iligongana na tumbusi, ikaanguka, Michael akafa akiwa na miaka 24. Baba yake alizikwa hapo hapo baadaye. Watalii wanasimama, wanapiga picha, wanaendelea. Waongoza watalii wengi husimulia habari za wanyama, na ni sawa, ndiyo kazi yao. Mimi natamani waongeze sentensi mbili tu juu ya kuhesabu nyumbu kutoka juu: kwamba lazima mtu aruke kwenye mistari iliyonyooka, kwa urefu ule ule, mmoja anaendesha, mwenzake anahesabu, na kwamba ndege ilikuwa chombo cha sayansi kama darubini.

Sasa nifike kwenye ninalotaka kusema hasa. Kila mazungumzo ya kuhifadhi historia ya anga yakianza, mtu atasema tutafute ndege ya zamani, tuiweke mbele ya jengo, watu waje kupiga picha. Nairobi wana Makumbusho ya Reli tangu 1971, yana magari ya moshi, na sisi tuwe na letu la ndege. Naelewa hamu hiyo, ninayo mwenyewe. Lakini nadhani tukianza na ndege tutakuwa tumeanza mwisho.

Ndege ni kitu kigumu sana kukitunza kikiwa kimesimama. Wengi wanadhani aluminiamu haishiki kutu. Inashika, ila kutu yake ni nyeupe, unga unga, na inapendelea kuanzia pale ambapo chuma cha aina nyingine kimeigusa, kwenye riveti na bolti. Aloi ngumu za kutengenezea mabawa zinaoza kwa ndani na kujiachia tabaka kwa tabaka kama kitunguu, huku rangi ya juu bado inang'aa. Ongeza upepo wa chumvi wa Dar es Salaam. Ongeza masika, na matundu ya kutolea maji ambayo nyigu na ndege hai wameyaziba kwa viota. Ongeza mipira ya madirisha inayokauka kwa jua, na matairi yanayobeba uzito mahali pale pale mwaka mzima. Ndege iliyowekwa nje mbele ya jengo bila fundi, bila paa na bila bajeti ya kila mwaka, baada ya muda inakuwa hatari kwa watoto wanaoichezea, kisha inauzwa kwa kilo. Waingereza wenyewe, pamoja na hali ya hewa ya baridi na watu wao wa kujitolea, hawakuweza kuzitunza zote nne: 5X-UVJ ilikatwakatwa.

Karatasi ni nyepesi. Sauti ni nyepesi zaidi. Na vyote viwili vinakufa mapema kuliko chuma.

Miaka michache iliyopita ofisi moja, sitaitaja, ilihama jengo. Rafiki yangu aliyekuwa anapita akaniita kwa simu: nyuma ya jengo kuna lundo la mafaili, mvua inanyesha. Nilikuta wapiga debe wanafungia karanga kwa ratiba za safari. Nilikuta bahasha za picha zimelowa, picha zimegandana zote zikawa tofali moja. Niliokoa nilichoweza kubeba kwa bajaji. Kati ya vilivyookoka kuna orodha ya chakula ya daraja la kwanza, barua za wafanyakazi wakiomba uhamisho ili wawe karibu na familia, na mchoro wa penseli wa namna ya kupanga mizigo kwenye Fokker ili uzito usielemee mkiani. Ule mchoro hauna jina. Aliyeuchora alikuwa anamfundisha mtu, kwa sababu pembeni ameandika kwa Kiswahili, herufi kubwa, "HAPA USIWEKE KRETI ZA SODA." Mtu huyo alikuwa anajua mahali uzito wa ndege unapojisawazisha na pia anajua nini hupakiwa kwenda Bukoba. Hakuna makumbusho yoyote ya Ulaya yatakayotutunzia hilo.

Wakanada walijifunza somo hili kwa njia chungu. Mwaka 1959 serikali yao ilisitisha mradi wa ndege ya kivita ya Avro Arrow, na ndege zilizokwisha kukamilika zikakatwakatwa, michoro ikaamriwa iteketezwe. Leo jumba lao la makumbusho ya anga la Ottawa lina kipande cha pua ya ndege hiyo. Lakini mchoraji mmoja wa kiwanda hakuiteketeza michoro aliyokuwa nayo, aliibeba nyumbani kwake, ikakaa huko miongo na miongo, na mwaka 2020 ikaonyeshwa hadharani. Nyumba ya mtu binafsi ndiyo iliyokuwa kumbukumbu ya taifa. Naamini kwetu iko hivyo hivyo. Nyaraka za anga ya Tanzania ziko Ukonga, Kipawa, Moshi, Tabora, kwenye sanduku, kwenye begi la kampuni lenye zipu iliyokufa, chini ya kitanda cha bibi.

Ndiyo maana siku hizi Jumamosi zangu nazipeleka kwa wazee. Wa kwanza alikuwa rafiki wa baba, anakaa Ukonga, masikio yamechoka kwa sababu ya zile Conway. Mara ya kwanza nilikwenda na orodha ya maswali ya kikutubi. Aliyajibu kwa adabu, na yote yalikuwa mafupi. Safari iliyofuata nilibeba spana ya baba iliyokuwa kwenye sanduku, nikamwekea mkononi kabla sijauliza lolote.

Akaigeuza. Akapitisha kidole kwenye namba iliyochongwa. "Hii ni ya mzee wako," akasema. "Kila mtu alikuwa na namba yake. Mwisho wa zamu unahesabu zana zako, moja ikikosekana ndege haiondoki. Haiondoki, mwanangu! Hata kama waziri yumo ndani."

Kisha akasimama, na magonjwa yake yote ya mgongo, akanionyesha jinsi walivyokuwa wanajipinda kuingia kwenye sehemu ya mkia, bega lipi linatangulia, taa unaishika vipi kwa meno. Nikamuuliza kuhusu mlango mkubwa wa mizigo uliokuwa ubavuni mwa VC10 zetu. Akacheka kwa furaha, akanieleza kwa nusu saa. Sikuhitaji swali jingine siku ile. Nilirekodi kwa simu ya kawaida, nikaiweka juu ya kitambaa ili meza isilete mtetemo, nikafunga feni. Kabla ya kuanza nilimweleza sauti itakwenda wapi na nani ataisikia, akakubali kwa kinywa chake ndani ya rekodi yenyewe. Nilipomaliza nilimrushia mjukuu wake nakala.

Nawatafuta pia ambao hawaandikwi. Marubani wameshapigwa picha za kutosha. Waliopika chakula cha ndani ya ndege saa tisa za usiku, waliofua vitambaa vya viti, waliopakia mizigo, akina dada wahudumu waliokuwa wanatoka Songea au Kigoma na wiki inayofuata wako Zurich, hao ndio walioliendesha shirika, na hao ndio wanaotutoka mmoja mmoja bila tangazo gazetini. Mama mmoja wa Moshi, aliyekuwa mhudumu, ameniahidi kunionyesha sare yake. Amesema bado inamtosha, na sina sababu ya kubisha.

Kuna jambo la majengo pia, nalipitia haraka kwa sababu linastahili makala yake. Jengo la pili la abiria pale uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 1984, lilibuniwa na Paul Andreu, msanifu yule yule wa jengo la kwanza la Charles de Gaulle, Paris. Tangu jengo la tatu lifunguliwe mwaka 2019 watu wanalizungumzia la pili kama kitu cha kuchosha. Ukipita, inua macho utazame paa. Na lile la kwanza, dogo, la miaka ya hamsini, lipigwe picha kila pembe kabla hajaja mtu na tingatinga.

Kuhusu VC10 zilizoko Uingereza, sitaki zirudishwe. Zikirudi zitakufa, nimeshaeleza kwa nini. Ninachotaka ni wenye kuzitunza wapate majina yetu. Simulizi inayosimuliwa kule kwa kiasi kikubwa ni ya Jeshi lao la Anga, nayo ni ya kweli, lakini kabla ya rangi ya kijivu ndege ile iliguswa na mikono ya watu wa Mwanza, Kisumu na Jinja. Nimeanza kuandaa kurasa za daftari la baba zinazoitaja MOG, na maelezo yake, niwapelekee nakala. Daftari lenyewe litabaki nchini. Nataka liende Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, mahali penye watu wenye taaluma hiyo, ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuliomba alisome bila kunijua mimi.

Wewe unayesoma, huenda kwenu kuna kitu. Kitambulisho chenye nembo ya simba, daftari, albamu, beji ya kofia, bahasha ya tiketi. Usikisafishe. Usikipige laminesheni, joto na ile gundi vikishaingia havitoki tena. Kama picha ziko kwenye albamu zile za kurasa za kunata, usizibandue kwa nguvu; zipige picha zikiwa hapo hapo, karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Zilizo huru zigeuze, upige na mgongo wake, kwa sababu majina na tarehe mara nyingi viko nyuma. Weka vitu kwenye bahasha ya karatasi, juu ya kabati, mbali na sakafu, mchwa na maji hupita chini. Halafu kaa na mwenye navyo ukiwa umevishika mkononi, muulize aliyesimama wa pili kutoka kushoto ni nani, uandike kwa penseli anachokujibu.